Kicheko na Jina la Mtu

Wako watu wanaofikiri kwamba Mkristu mwema hapaswi kamwe kuwacheka wenye cheo. Husema: serikali ni serikali, na anayeicheka anavunja heshima. Wako wengine wanaofikiri kinyume. Hao husema: mkubwa ni mali ya wote, yeye mwenyewe alikubali kukaa juu ya kiti, basi kila mtu ana ruhusa ya kumpaka matope kadiri apendavyo. Sisi twaona kwamba makundi yote mawili yamekosea, na kosa lao ni moja: hawakuuliza kwanza kinachochekwa ni nini.

Maana kumcheka mtawala kwa ajili ya kazi yake ni jambo moja, na kumcheka mtu kwa ajili ya nafsi yake ni jambo jingine. Mpaka kati ya mambo hayo upo. Lakini hauonekani wazi kama mto unaotenga vijiji viwili. Mara nyingi ni kama njia ya porini iliyofunikwa na majani: apitaye bila kuangalia hujikuta upande wa pili, na bado anacheka.

Ili tuuone mpaka huo, tutazame kazi mbili za mzaha zilizotoka katika nchi moja, ndiyo Ufaransa. Ya kwanza ni ya mwaka 1831, ya pili ni ya mwaka 1936. Zote mbili zilikuwa kali, zote mbili ziliwachekesha watu wengi. Lakini ya kwanza twaweza kuisifu hata leo, na ya pili inatutia haya.

MFALME ALIYEMEZA KODI

Mwezi wa Julai 1830 watu wa Paris walimfukuza mfalme Charles X, na Louis-Philippe akawekwa mahali pake. Katiba mpya iliahidi kwamba magazeti yatakuwa huru, na kwamba serikali haitarudi tena kuyakagua kabla hayajatoka. Novemba ya mwaka ule ule, Charles Philipon, mzaliwa wa mji wa Lyon, alianzisha gazeti la picha za mzaha, jina lake La Caricature. Haukupita muda mrefu, gazeti likaona kwamba ahadi za Julai zinaanza kusahauliwa. Likamchora mfalme katika sura ya mwashi anayepaka lipu ukutani, akizifunika alama za Julai zisionekane tena. Philipon akashitakiwa kwamba amemtukana mfalme.

Novemba 1831 alisimama mbele ya mahakama ya Paris. Alijitetea hivi: kama kufanana na mfalme ni kosa, basi hakuna kitu duniani kisichoweza kuwa kosa. Akachora picha nne. Ya kwanza ilikuwa uso wa mfalme, wenye mashavu mazito. Ya pili ilifanana na ile ya kwanza, ya tatu ilifanana na ya pili, na ya nne ilikuwa pea, yaani lile tunda la Ulaya lililo jembamba juu na nene chini, ambalo umbo lake lakaribia umbo la avoka. Basi, ni picha ipi kati ya hizo nne yenye hatia? Mahakama haikucheka. Ilimpa kifungo cha miezi sita na faini ya faranka 2000. Lakini tangu hapo pea ikachorwa katika kuta nyingi za mji, na kila aliyeiona alijua ni nani anayesemwa.

Mwezi uliofuata, Desemba 1831, kijana mmoja aliyeitwa Honoré Daumier, mwenye umri wa miaka 23, alichora picha iliyopita zote kwa ukali. Aliiita Gargantua, jina la jitu lenye ulafi katika hadithi za kale za Rabelais. Mfalme ameketi juu ya kiti kikubwa, mwili wake ni kama mlima, kinywa chake ki wazi. Ubao mrefu umeegemezwa kinywani mwake, na watumishi wanaupanda wakibeba vikapu vya fedha. Chini, upande mmoja, maskini wenye nguo zilizochakaa wanatoa senti zao za mwisho, na mama mmoja anamnyonyesha mtoto. Na chini ya kiti, kwa maana kiti hicho ni cha chooni, zinaanguka nishani na barua za vyeo, na wabunge walionona wanazigombania mbele ya nyumba ya Bunge.

Picha hiyo haina adabu. Mwalimu asingeitundika darasani. Lakini tuichunguze kwa haki. Je, Daumier alisema kwamba Louis-Philippe ni mlafi mezani? Hapana. Hakuna mtu wa Paris aliyeielewa hivyo. Siku zile wabunge walikuwa wakijadili mfalme apewe fedha ngapi za nchi kila mwaka. Kiasi cha faranka milioni 18 kilikuwa kimetajwa; mwishoni, mwaka 1832, sheria ilikata milioni 12. Hesabu hiyo ilijulikana na watu wote, na kila mmoja aliweza kuipima na ujira wake. Kinywa kikubwa ni bajeti. Vikapu ni kodi. Nishani zinazoanguka ni vyeo wanavyopewa wale waliopiga kura vizuri. Kila kiungo cha mwili kilichochorwa kinasimama mahali pa kitendo cha serikali.

Sasa tufanye jaribio moja. Mvue Louis-Philippe taji, mfanye awe mfanyabiashara wa kawaida, halafu itazame picha tena. Picha imekufa. Haina maana tena, kwa sababu mfanyabiashara hali kodi za watu wala hagawi nishani. Kicheko chote kiliegemea cheo; cheo kikiondoka, kicheko nacho kinaondoka. Hapo twajua kwamba kilichochekwa ni kazi. Daumier alihukumiwa Februari 1832, miezi sita na faranka 500, akafungwa. Lakini hukumu ile haikuonyesha kwamba alisema uongo.

Na pea je? Hapo tukubali kwamba twasimama juu ya mpaka wenyewe. Mtu hakujichagulia mashavu. Pea ya Philipon mbele ya mahakama ilikuwa hoja, tena hoja yenye akili. Lakini pea iliyochorwa ukutani na mtoto mpita njia, bila neno lingine, ilikuwa nini? Ilikuwa kucheka uso wa mtu, basi. Tukiifanyia jaribio letu, pea ile inabaki: hata mfanyabiashara mwenye mashavu mazito angeweza kuchekwa vile vile. Kwa hiyo hatusemi kwamba kila kitu kilichotoka mikononi mwa watu wale kilikuwa safi. Twasema kwamba kazi zao nzuri ni zile ambamo uso ulikuwa mlango tu wa kuingilia katika jambo la nchi.

Tena Daumier alijua mahali kicheko kinapokoma. Usiku wa Aprili 1834 askari waliingia katika nyumba moja ya mtaa wa Transnonain, Paris, wakawaua raia waliokuwamo. Daumier alichora chumba cha kulala: mtu amelala sakafuni amekufa, amevaa nguo za usiku, na mwili wake umemlalia mtoto mdogo aliyekufa naye. Hakuweka pea, wala jitu, wala mzaha wowote. Mtu anayejua kucheka vizuri anajua pia saa ya kunyamaza.

Mwaka 1835, baada ya mtu mmoja kujaribu kumwua mfalme kwa risasi, serikali ilipata sababu iliyokuwa ikiitafuta. Sheria ya Septemba 1835 ilirudisha ukaguzi wa picha, ingawa katiba ilikuwa imeahidi kwamba hautarudi. La Caricature lilikuwa limekwisha kufungwa mwezi uliotangulia. Tukumbuke jambo hilo, maana tutalirudia: sheria ilipopewa kazi ya kulinda mpaka, iliwafunga midomo hata wale waliosema kweli juu ya kodi.

WAZIRI ALIYECHAFULIWA JINA

Sasa twaruka miaka mia na zaidi. Juni 1936 vyama vya mkono wa kushoto viliingia madarakani Ufaransa, na Léon Blum akawa waziri mkuu. Waziri wake wa mambo ya ndani alikuwa Roger Salengro, Msosialisti, meya wa mji wa Lille tangu 1925. Majira yale yalikuwa ya moto. Wafanyakazi walikuwa wamegoma na kukaa ndani ya viwanda. Serikali ilikata sheria za juma la saa 40 na za likizo yenye mshahara, tena ilivunja vyama vilivyotembea barabarani mithili ya majeshi. Mtu wa mzaha aliyetaka kumcheka Salengro alikuwa na chakula tele: migomo, polisi, sheria, ahadi. Angeweza kumchora kila juma bila kukosa jambo.

Lakini gazeti la Gringoire, gazeti la kila juma lililouza zaidi ya nakala nusu milioni, lilishika njia nyingine. Lilichukua hadithi ya vita, iliyokwisha kuanza kusemwa na gazeti jingine mwezi wa Julai, kwamba Salengro alipokuwa askari mwaka 1915 aliwakimbia wenzake akajitia mikononi mwa Wajerumani.

Ukweli ulikuwa hivi. Oktoba 1915 Salengro alitoka kwenye handaki ili kuutafuta mwili wa rafiki yake aliyeuawa, akakamatwa na adui. Mahakama ya jeshi ilimhukumu naye hayupo, na Januari 1916 ikaona hana hatia ya kutoroka. Huko kifungoni Ujerumani alikataa kufanya kazi ya kuisaidia vita dhidi ya nchi yake, na Wajerumani wakampa adhabu kwa sababu hiyo.

Hapa tuwe waangalifu. Je, ilikuwa vibaya kuuliza? Hatusemi hivyo. Mtu anayeshika polisi wa nchi nzima aweza kuulizwa kama aliwahi kuikimbia nchi hiyo. Swali kali si dhambi. Lakini swali hutaka jibu, na jibu lilikuja. Hati za jeshi zilitolewa. Tume iliyoongozwa na Jenerali Gamelin, mkuu wa jeshi, ilizichunguza ikamwona Salengro hana hatia. Kwa mtu wa kweli, hapo mambo yangekwisha.

Hayakwisha. Novemba 1936 mwandishi Henri Béraud aliligeuza jina la Salengro kuwa mchezo. Katika Kifaransa sauti ya jina hilo yaweza kusikika kama kusema: mchafu kwa jumla. Béraud akalipindua, akamwita Proprengros, yaani msafi kwa jumla, ili watu wacheke mara mbili. Béraud alikuwa fundi wa maneno. Mwaka 1922 alipata tuzo kubwa ya Goncourt. Yafaa kulitaja hilo, kwa maana wengi huamini kwamba ufundi husafisha kila kitu. Mzaha huu ulitungwa kwa ustadi, nao ulitumika kubeba uongo uliokwisha kukanushwa.

Lifanyie jina hilo jaribio letu. Mvue Salengro uwaziri, mrudishe kuwa karani au mkulima. Kicheko kinabaki kizima! Jina lake bado laweza kupindwa, na watu wa mtaani bado wanaweza kumwita mtoro wanapomwona akipita. Basi mzaha huu haukuhitaji uwaziri wake hata kidogo. Wasomaji wa Gringoire walikuwa wakimcheka mtu, na mambo ya nchi yalikuwa kisingizio tu.

Tarehe 13 Novemba 1936 jambo lilifika Bungeni. Wabunge 427 walipiga kura ya kuyakataa masingizio hayo, na 63 walipinga. Salengro alikuwa ameshinda. Lakini ushindi wa Bungeni haukumfuata nyumbani. Mkewe alikuwa amefariki mwaka 1935. Alikuwa amechoka kwa kazi. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Novemba, huko Lille, alijiua, naye alikuwa na umri wa miaka 46. Katika barua aliyoiacha alisema kwamba kazi nyingi, masingizio na huzuni vilimshinda.

Hatupendi kusema kwamba maneno ya gazeti peke yake yalimwua. Moyo wa mtu una vyumba vingi, na mwenyewe alitaja sababu zaidi ya moja. Wala hatusemi kwamba kukata tamaa ni njia ya kufuata. Mtu aliyelemewa amwambie ndugu, amwambie padri, asibaki peke yake. Twasema jambo moja tu: wale waliocheka juma baada ya juma hawakujua ni mzigo wa ngapi wanaouweka juu ya mgongo ule. Wahenga walisema: mzaha mzaha, hutumbuka usaha.

NENO LA ASKOFU WA LILLE

Katika mji ule ule wa Lille alikaa Kardinali Achille Liénart, askofu wa Lille tangu 1928. Yeye na Salengro hawakuwa wa upande mmoja. Wakatoliki wengi wa siku zile walikuwa wakiiogopa serikali ya Blum, na wengine wao walikuwa wakinunua magazeti yaliyoipiga. Kardinali angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angemlaumu. Hakunyamaza. Alitamka waziwazi kwamba siasa haihalalishi kila jambo, kwamba masingizio na hata masengenyo ni makosa mbele ya Mungu, na kwamba gazeti linalofanya uchafuzi wa majina kuwa kazi yake si la kikristu.

Angalia, ndugu msomaji, kwamba alitaja vitu viwili. Masingizio ni kusema uovu ambao mtu hakuutenda. Masengenyo ni kuutangaza uovu wa kweli bila sababu ya haki. Wengi wetu twaikumbuka nusu ya kwanza ya amri ya nane na kuisahau nusu ya pili. Tukiulizwa kwa nini twamcheka fulani, twajibu: lakini ni kweli! Haitoshi. Waziri kuwa na kigugumizi ni kweli. Mbunge kukosa mtoto ni kweli. Lakini kweli hiyo yaihusu nini nchi? Kama haiihusu, basi ni mali yake mwenyewe, na anayeipeleka sokoni ameiiba.

Baada ya kifo kile, serikali ilitaka sheria kali juu ya magazeti. Wabunge waliikubali Desemba 1936, lakini Senati ikaikataa mwaka uliofuata. Basi tazama: mwaka 1835 sheria ilikuja, ikafunga midomo ya haki pamoja na ile ya matusi. Mwaka 1937 sheria haikuja, na matusi yakaendelea. Kwa hiyo tusidanganyike kwamba polisi watatulindia mpaka huu. Mahakama zina kazi yake, na aliyesingiziwa ana haki ya kwenda kushitaki. Lakini hukumu ya kwanza inatolewa na yule aliyeshika gazeti mkononi, wakati anapocheka au anapokataa kucheka.

MASWALI MATATU

Kutokana na kazi hizo mbili twaweza kupata maswali matatu ya kujiuliza kabla ya kucheka, au kabla ya kumpa mwenzetu naye acheke.

Swali la kwanza: nikimvua mtu huyu cheo chake, mzaha huu unabaki? Ukibaki, wampiga mtu. Gargantua anakufa bila taji. Proprengros anaishi bila uwaziri.

Swali la pili: kuna jambo chini ya mzaha linaloweza kuchunguzwa, na je, jibu likija, mzaha utanyamaza? Kuongeza chumvi si uongo, maadamu kila mtu ajua kwamba ni chumvi. Hakuna aliyeamini kwamba mfalme ana kinywa cha kumeza vikapu. Lakini watu wengi waliamini kwamba Salengro alitoroka.

Swali la tatu: ni nani mwingine anayepigwa? Mzaha juu ya uso wa baba unawafikia watoto wanaofanana naye. Mzaha juu ya kabila la waziri unawafikia watu wengi ambao hawakuonja hata kijiko kimoja cha mshahara wake. Kama mshale mmoja unawachoma watu mia wasio na kosa, mrushaji hawezi kujitetea kwamba alimlenga mmoja.

Mtu atasema: lakini sisi wazee wetu walikuwa na utani, nao haukuwa na huruma! Ni kweli, na utani una la kutufundisha. Babu humwita mjukuu mke wake, na mjukuu humwambia babu kwamba meno yamemhama. Watani hucheka hata msibani. Lakini utani una sheria zake. Mtani anajulikana ni nani. Anasema uso kwa uso. Anayetaniwa ana ruhusa ya kujibu, tena kwa ukali ule ule. Na siku ya shida mtani ndiye wa kwanza kuja na jembe au na kuni. Gringoire halikuwa na hata moja katika hayo, isipokuwa ukali. Asiyekuja na kuni siku ya msiba asijiite mtani.

KARIBU NA KWETU

Pengine mtu wa Bukavu au wa Goma atasema kwamba mambo ya Ufaransa yako mbali. Basi tutazame ng'ambo ya mto na ziwa. Huko Rwanda, kati ya mwaka 1990 na 1994, magazeti yenye chuki yalitumia sana picha za mzaha. Bi Agathe Uwilingiyimana, aliyekuwa waziri mkuu tangu Julai 1993, alichorwa ndani yake kwa aibu, kama mwanamke asiye na staha. Hawakumwuliza juu ya kazi yake. Waliushika mwili wake. Redio ya RTLM nayo ilipendwa na vijana kwa muziki wake na kwa watangazaji wake waliojua kuchekesha. Tarehe 7 Aprili 1994 askari walimwua Bi Agathe pamoja na mumewe, na katika siku zilizofuata redio ile ile iliwachochea wauaji. Desemba 2003 mahakama ya Umoja wa Mataifa huko Arusha iliwahukumu watu watatu wa redio hiyo na wa gazeti la Kangura. Mwaka 2007 rufaa ilipunguza adhabu zao, lakini haikuwaachilia.

Hatusemi kwamba kila picha ya matusi huzaa mauaji. Mauaji yale yalitengenezwa na watu wenye silaha na mipango. Lakini kicheko kilifanya kazi yake mapema: kiliwazoeza watu kumwona mwenzao kama kitu. Mtu aliyekwisha kuwa kitu machoni pa majirani hana wa kumlilia.

Na leo hatuhitaji tena mashini ya kuchapa. Picha ya mzaha inatoka katika simu moja na kuingia katika simu mia kabla maharagwe hayajaiva. Daumier aliweka jina lake chini ya kazi yake, akaenda kifungoni kwa ajili yake. Picha ya simu haina jina. Kichwa cha mbunge kimewekwa juu ya mwili wa mnyama. Mke wa gavana amevishwa nguo ambazo hakuzivaa. Na chini yake limeandikwa neno juu ya kabila. Nani aliitengeneza? Hajulikani. Nani aliipeleka? Sisi sote. Gringoire lilihitaji wanunuzi nusu milioni. Bila wao, Béraud angekuwa mtu mmoja anayenung'unika katika chumba chake. Picha ya simu inahitaji kidole chetu tu.

Basi tuwacheke wakubwa? Ndiyo, tuwacheke, pale wanapostahili. Barabara iliyozinduliwa mara tatu na bado haipitiki, hiyo yastahili kuchekwa. Mheshimiwa anayehubiri juu ya kubana matumizi huku akishuka kutoka katika gari la nne, naye yastahili achekwe. Hata padri akisahau kutoa hesabu ya matoleo ya waamini, waamini wakimchekea kwa upole haitakuwa dhambi, na huenda ikamkumbusha. Nchi ambamo mkubwa hachekwi ni nchi ambamo maskini anaogopa, na Mkristu hapaswi kuipenda hofu hiyo.

Lakini tusilishike jina la mtu, wala mwili wake, wala nyumba yake, wala kabila lake, tukidai kwamba twaitumikia nchi. Na picha ya namna hiyo ikiingia katika simu yako jioni ya leo, usiitume kwa mwingine. Ifute. Na aliyekuletea akikuuliza kwa nini hukucheka, mweleze kwa upole: huyu tumwulize habari za barabara.